Bukavu Iliyoandikwa Kandy

Kandy, 6 Aprili 2024

Yaya Gracieuse, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako aliye mbali, mzima wa afya isipokuwa pua inayovuja. Nisalimie Diane mwanao, mwambie nyani wanapita juu ya nyaya za umeme mbele ya dirisha langu na hapa hakuna anayewashangaa. Nisalimie jirani yetu Spès na watu wote wa misa ya Kiswahili. Mama nitamsalimia mwishoni, kwa sababu barua hii ni yake kuliko yako. Usininunie.

Najua utauliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati simu ipo. Wewe mwenyewe uliona, nilipopiga kutoka uwanja wa ndege: mama alisikia sauti yangu akaanza kunitafuta nyuma ya kochi. Sitaki anitafute tena chini ya viti. Zamani papa alipokuwa kazini kwenye migodi ya Kamituga alituandikia, wewe ukamsomea mama jikoni, naye akaelewa kila neno. Basi tufanye kama zamani. Kiwanda cha huku Sri Lanka kinatuma masanduku ya sampuli za chai kwa kiwanda chetu cha Jacobs, hapo Durban. Japhet, yule Mtanzania wa stoo, amekubali kukuletea barua zangu hadi saluni kwako, na zako ataziweka kwenye mfuko unaorudi. Posta siitegemei.

Mafunzo ya mashine yanaendelea vizuri. Lakini kitu ninachotaka kukuambia ni mji wenyewe. Basi lilipanda kutoka pwani mpaka masikio yakaziba, halafu likakata kona, na mbele yangu nikaona ziwa katikati ya mji. Milima pande zote, nyumba zimepandiana kwenye miteremko, ukungu, moshi wa kuni, harufu ya udongo uliolowa. Saa tisa mvua ikashuka, watu wakajibanza kwenye baraza za maduka, ikaisha, wakaendelea na safari zao. Yaya, nilisimama barabarani na begi langu nikalia. Mwanaume mzima! Ukifumba jicho moja, hii ni Bukavu.

Jumapili nilikwenda kulitazama hekalu lao maarufu, lenye paa la dhahabu, kando ya ziwa. Wanasema humo limehifadhiwa jino la Buddha. Nilikwenda na kaptula kama mjinga, askari wa mlangoni akatikisa kichwa. Mama mmoja muuza maua akanihurumia, akanifunga kitambaa kiunoni, nikaingia nimefungwa kitenge kama mzazi aliyetoka wodini. Viatu unaviacha nje. Ngoma zinapigwa, watu wamevaa nyeupe, wanapanga foleni na maua mikononi, wanasubiri chumba cha jino kifunguliwe. Jino lenyewe hulioni. Limo ndani ya vikasha vya dhahabu, kimoja ndani ya kingine. Lakini nilipanga foleni hiyohiyo, na sikujuta.

Sasa mama. Mama, ni mimi Ruphin. Niko mzima. Asubuhi ukungu unakaa juu ya ziwa mpaka jua litoke. Nala samaki wadogo wakavu, sambaza kabisa, na majani ya muhogo yanapikwa huku pia. Usiku najifunika blanketi. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Mdogo wako,
Ruphin


Overport, 2 Mei 2024

Ruphin mdogo wangu,

Sisi wazima. Diane amefaulu hesabu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, nikamnunulia viatu kabla Mungu hajabadili mawazo. Spès anakusalimia na anauliza kama huko wanawake wanasuka. Saluni iko vilevile: kelele, nywele, na wateja wanaosema "nakuja" halafu wanakuja baada ya Pasaka.

Barua yako nimeisoma jikoni, kama ulivyotaka. Mama alikuwa kwenye kile kiti chake karibu na dirisha, anachambua mchele usio na mawe. Unajua jinsi alivyokuwa tangu mwaka jana: unamweka mezani anatazama chakula kama cha mtu mwingine, unamwita anaitika kwa Mashi, lugha ya utotoni mwake, kana kwamba sisi watoto wake hatujazaliwa bado. Basi nikaanza kusoma. Kwenye ziwa akaweka sinia chini. Kwenye mvua ya saa tisa akaitikia kwa kichwa, "Njo vile, njo vile." Kwenye sambaza akasimama.

"Ruphin iko Bukavu," akasema. "Ashafika kwetu."

Diane akamwambia, "Hapana, bibi, iko Sri Lanka, iko kazini." Laiti angenyamaza. Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, uso ukaanza kuporomoka. Nikasema haraka, "Ndiyo, mama. Ameshafika." Siku ile alikula bugali wote akafuta sahani kwa kidole.

Ndiyo hivyo. Usianze kunihubiria. Nakuomba kitu kimoja: barua zijazo, punguza hekalu. Andika ziwa, andika mvua, andika soko. Mengine niachie mimi.

Yaya wako,
Gracieuse


Kandy, 25 Mei 2024

Yaya,

Salamu kwa wote, na hongera kwa Diane. Mwambie Spès kuwa wanawake wa huku nywele zao zinafika kiunoni na hazina haja naye.

Sitaki. Nakuambia wazi ili tusipoteze wino. Papa alitulea tuseme kweli hata ikituletea viboko, na mimi sitamdanganya mama, tena kwa maandishi. Mama ana haki ya kujua mwanawe yuko wapi.

Kwa hiyo hii barua msomee yote, usiruke. Mama, niko mji unaoitwa Kandy. Hapa wakristo si wengi. Juu ya mlima mmoja wamejenga sanamu kubwa nyeupe ya Buddha aliyeketi, unaiona popote ulipo mjini, hata ukiwa sokoni unanunua vitunguu. Watawa wao wananyoa vichwa, wanavaa nguo za rangi ya chungwa na kutembea na miavuli. Mwezi ukiwa mpevu ni sikukuu, nyama na pombe haziuzwi, watu wanashinda hekaluni na nguo nyeupe. Mwenye nyumba wangu anaitwa bibi Kusuma, mjane, ameniambia wafalme wa zamani walikaa hapa kwa sababu milima iliwaficha wasionwe na maadui. Ziwa lenyewe lilichimbwa na mfalme wao wa mwisho. Ziwa letu sisi alilichimba Mungu. Nadhani tofauti umeiona.

Ruphin


Overport, 20 Juni 2024

Ruphin,

Hujambo, mwana wa kweli. Huku baridi ya Durban imeingia, ambayo si baridi, lakini Diane anavaa makoti mawili.

Nimeisoma yote, sikuruka hata nukta. Unataka kujua mama alisema nini? Kwenye paa la dhahabu, maana alitaka nirudie na ile ya kwanza, alisema: "Ah, kanisa ya Nyawera wameipaka dhahabu. Ilikuwa inahitaji." Sanamu nyeupe mlimani: "Bikira Maria. Baaskofu walikuwa wanaahidi siku mingi." Watawa wenye nguo za chungwa ni mapadri wapya, na miavuli ni kwa sababu ya mvua, watavaliaje viatu vizuri na matope yale ya mtaa wetu wa Kadutu? Bibi Kusuma amemtambua. Anasema ni mjane wa yule fundi cherehani, na amefurahi kwamba bado yuko hai.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikalia kidogo, nikaosha uso, nikarudi saluni.

Sasa nisikilize bila papara. Mama anakula. Mama anaoga bila vita. Jioni anamwimbia Diane nyimbo za Mashi ambazo hata mimi nilikuwa nimezisahau, na Diane, ambaye Congo anaijua kwenye ramani tu, anaziimba akiosha vyombo. Juzi alituambia jinsi papa alivyokuja kumposa na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine. Ulikuwa unaijua hiyo? Mimi sikuijua. Miaka yote hii katika Durban mama hakuwahi kufungua mdomo juu ya nyumbani, sisi tukadhani hataki, kumbe alikuwa anangoja mtu mmoja afike kule.

Ameniagiza nikuambie uende makaburi ya Ruzizi ukaweke maua kwa papa. Anasema kaburi limekaa muda mrefu bila mtu. Kila asubuhi ananiuliza kama umeshaweka. Nijibu nini, wewe mwana wa kweli? Andika tu kwamba umeweka.

Gracieuse


Kandy, 14 Julai 2024

Yaya wangu,

Salamu. Nimepungua kidogo lakini si ugonjwa, ni pilipili.

Barua yako nilitembea nayo mfukoni wiki nzima. Nilikuwa na hasira na wewe, kisha na mama, kisha na papa kwa kufa. Mwishoni nikamweleza bibi Kusuma, kwa Kiingereza changu na chake ambavyo havijuani sana. Hakunipa ushauri. Aliniambia nivae shati jeupe.

Tukaenda wote hekaluni. Mbele ya lango wanauza maua: yungiyungi za waridi na za buluu, na maua meupe yenye harufu ambayo hata Durban yako kwenye nyua za watu. Bibi akanunua mafumba ya yungiyungi, akanionyesha jinsi ya kukunja majani ya ua moja moja mpaka lifunguke. Mimi, kama mtu yeyote, nikalipeleka puani. Akanipiga mkono! Ua la kutoa hulinusi. Ukilinusa umeshalitumia wewe, na unayempa unampa masalio. Nikaomba radhi, akaninunulia lingine.

Tulipanda juu, ngoma zikalia, chumba kikafunguliwa kwa muda mfupi. Watu wanalaza maua juu ya meza ndefu, wanafumba macho, wanasonga. Sikumwomba Buddha wao kitu, ungamo langu kwa padri litakuwa fupi. Nililaza ua langu, nikasema jina la papa kwa sauti. Nikasema, "Papa, amenituma mama." Mzee aliyekuwa nyuma yangu akangoja mpaka nikamaliza. Yaya, tangu tumzike papa sikuwa nimelitaja jina lake kwa sauti mahali popote. Bibi Kusuma aliniambia jioni maua yote yanafagiliwa, na kesho watu wanaleta mengine.

Basi hii ni ya mama, msomee: Mama, nimeweka maua kwa papa. Nimelitaja jina lake. Watu waliokuwa pale walininyamazia kwa heshima.

Kila neno ni kweli. Umeridhika?

Na kwa kuwa nimeshaanza, mwongezee na haya. Mama, jioni nilishuka Labotte, nikakaa kwenye ukuta wa ziwa. Maji yalikuwa yametulia. Mama mmoja alipita na beseni la sambaza kichwani, nikataka kumwita kwa jina lako, maana wewe ndiye uliyekuwa ukipita vile asubuhi kwenda soko la Kadutu. Mlima wa Kahuzi ulikuwa na wingu kichwani.

Hiyo si kweli. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ruphin


Kandy, 28 Agosti 2024

Yaya,

Masanduku mawili ya chai yamekwenda na hayajarudi na neno lako. Nilimpigia Japhet, akasema bahasha zangu zote ulizipokea mwenyewe, na kwamba uko sawa ila una haraka. Kuna nini?

Huku ilikuwa sikukuu yao kubwa ya mwaka, ya kulitembeza kasha la hekalu juu ya tembo. Tembo walikuja mjini kutoka kila upande, wakafungwa karibu na hekalu, mchana kutwa wanatafuna makuti huku watu wakiwapangusa vumbi. Nilitaka kumwandikia mama, kisha nikakumbuka Bukavu haina tembo mjini. Unaona nimefika wapi? Nauona mji wa watu na nachagua: hiki kinafaa Bukavu, hiki hakifai. Yasiyofaa hata siyatazami vizuri. Bibi Kusuma alinishika mkono akanielekeza kichwa kwenye tembo, kama anavyoelekezwa mtoto.

Nimemwandikia mama kurasa nne, zimo humu. Nimemweka mbele ya nyumba yetu ya Kadutu. Nimesema mlango wa mbao umepakwa rangi ya kijani na parachichi la uani linazaa. Jibu upesi.

Ruphin


Overport, 22 Septemba 2024

Ruphin,

Salamu nitazileta siku nyingine.

Sikuandika kwa sababu sikujua niandikeje. Baada ya ile barua ya maua, mama alianza kufunga virago. Kwanza nilicheka nayo. Anafunga, namfungulia akiwa amelala. Ilipokuja ile ya mlango wa kijani, akaniambia, "Kama nyumba iko na mulango, mimi niko nafanya nini hapa?" Nikaenda kazini.

Wiki iliyofuata akaondoka. Spès, aliyekuja kumwangalia, alikuwa bafuni, Diane alisahau kufunga kwa ufunguo. Mama alivaa vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, akachukua lile begi la bluu na rozari, akateremka. Robot ngapi, hizi taa za magari, alivuka zikiwa nyekundu, Mungu ndiye anajua. Kumbuka Gosbert, yule Mhaya wa kwaya, dereva wa malori. Siku moja baada ya misa alimweleza mtu, mama akiwa amekaa hapohapo, kwamba malori ya Congo yanapakiwa Clairwood. Sisi tulidhani mama hasikii. Alisikia, akaweka. Alisimama barabarani akasema "Clairwood" kwa kila teksi mpaka moja ikampakia.

Nilifunga saluni na mteja akiwa na nusu ya kichwa. Tulimtafuta mochwari, Ruphin. Nakuambia ili ujue. Diane alikuwa analia barabarani, "Eish, mama, ni mimi, ni mimi sikufunga." Alasiri ndipo simu ya Gosbert ikaingia. Alimkuta kwenye lango la yadi yao, amekalia begi, anabishana na mlinzi Mzulu, kila mmoja kwa lugha yake.

Nilipofika Gosbert alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama. Lori hili mwisho wake Lubumbashi."

"Lubumbashi si Congo?"

"Ni Congo, mama."

"Basi. Kutoka kule nitauliza."

"Mama, Lubumbashi na Bukavu ni mbali mno, hakuna barabara ya—"

"Mutoto wangu iko kule peke yake," mama akasema. "Anajipikia mwenyewe kama mutu asiye na mama. Analala na baridi. Amefungua nyumba, ameweka maua kwa baba yake, ni nani anamwambia asante? Lori iko. Mimi niko. Mbona munanizuia?"

Mimi nilimshika mkono akaniondoa mkono. Hakunijua. Nilipomwambia ni Gracieuse alisema, "Gracieuse iko ndogo, nimemwacha kwa jirani." Ilibidi Gosbert amdanganye kwamba lori linapitia Overport kupakia. Alimpandisha kwenye lori tupu, kichwa tu bila tela, akatuleta mpaka mlangoni. Mama alikaa mbele, mgongo umenyooka, furaha usoni. Alipoona ni jengo letu, alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Mimi ndiye nilikuomba uandike. Sasa nakuomba uache. Andika mara moja, kwa mkono wako, kwamba hauko Bukavu. Nikimwambia mimi haniamini. Anaamini karatasi. Safari nyingine hatutampata kwa Gosbert.

G.


Kandy, 10 Oktoba 2024

Yaya,

Poleni sana. Pole kwa Diane, mwambie si yeye. Msalimie Gosbert, mwambie nikifika nitambusu mikono.

Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana. Nataka nikuambie bila aibu kwa nini. Ulipoanza jambo hili mimi ndiye nilikuwa sitaki, na sasa mimi ndiye siwezi kuacha. Kila jioni baada ya kiwanda nilizunguka ziwa lao nikiwa Bukavu. Nilijua nitapita wapi. Nilisalimiana na watu. Nilipanda Kadutu, papa alikuwa anasuuza miguu uani, wewe unapiga kelele kwamba maji ni ya kupikia. Kule si mama tu aliyefika, Yaya. Mimi nilikuwa nimeshafika. Unaponiambia niandike kwamba siko Bukavu unanitoa tena, na safari hii hakuna hata vita vya kusingizia.

Lakini mama ni mama. Ameketi langoni kwa ajili ya maneno yangu. Hii hapa, msomee polepole, jikoni:

Mama, ni mimi Ruphin. Siko Bukavu. Niko Kandy, nchi ya Sri Lanka, ng'ambo ya bahari hiyo unayoiona kutoka dirishani. Ziwa nililokuambia si Kivu, ni la hapa. Mlango wa kijani niliutunga. Maua ya papa niliyaweka kweli, lakini kwenye hekalu la watu wa huku, kwa sababu kaburi liko mbali na mimi kama lilivyo mbali na wewe. Nyumba yetu sijui ikoje. Nisamehe. Usinifuate barabarani, mama. Mimi ndiye nitakuja, mwezi wa kwanza, hapo Durban. Kaa nikukute.

Nimeshindwa kuongeza neno. Ukimaliza kumsomea, mshike.

Ruphin


Overport, 17 Novemba 2024

Ruphin mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Diane yuko kwenye mitihani, Spès amepata kazi ya kufagia shule na amenenepa kwa furaha. Japhet alileta barua yako akasimama mlangoni kidogo. Nadhani alijua imebeba nini.

Nimesoma. Mama alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo kule Bukavu hakuna mutu?"

Nikasema hakuna, mama.

"Hata mumoja wetu?"

"Hata mmoja."

Akageukia dirisha. Alishinda pale mpaka jioni na rozari, hakusali, alikuwa anaizungusha tu. Mimi nilifanya ulivyosema, nilimshika, na aliniacha nimshike. Nilikuwa tayari kwa kilio na hakikuja. Giza lilipoingia akauliza, "Kule iko, wanamulisha nini?" Nikamwambia wali na samaki wadogo wakavu. "Na baridi?" Nikamwambia blanketi unalo. "Inaitwa namna gani tena?"

"Kandy, mama."

Tangu siku hiyo anataka barua zako zote, na anataka kwa jina lao. Nikisema "mjini" ananirekebisha, niseme Kandy. Anamjua bibi Kusuma, anamjua mama aliyekufunga kitambaa, anajua ua halinuswi. Wale tembo aliwapenda kupita kiasi. Begi la bluu nimelifungua, nguo nimezitundika mwenyewe, na mlango hautazami tena. Nilimshukuru Mungu, nikaenda saluni nikasuka siku nzima bila kupiga simu nyumbani hata mara moja.

Jumanne nilimpeleka kliniki kwa ajili ya presha. Nesi, dada Mzulu mpole, alikuwa anamfunga ile mashine mkononi na kumwongelesha ili asiogope. Akamwita bibi kwa Kizulu, akamuuliza, nami nikatafsiri, "Gogo, kwenu ni wapi?"

Mama akatabasamu. Akasema, "Kwetu ni Kandy. Iko na ziwa, iko na milima, mvua inanyesha saa tisa. Bwana yangu amezikwa kule. Banamuwekea maua kila siku."

Nesi akaniuliza mimi, hiyo Kandy ni Congo? Ruphin, nilifungua mdomo nimsahihishe. Mama alikuwa ananitazama, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona tangu tuvuke mpaka. Nikasema ndiyo.

Jioni nilijaribu. Nilikaa karibu naye nikamtajia Kadutu, Nyawera, Labotte, nikamtajia Kahuzi na beseni lake la sambaza. Nilimkumbusha viatu vya kuazima vya papa, hadithi yake mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni anayesimulia kwao. Nilipomaliza akasema, "Kunaonekana kuzuri. Siku moja utanipeleka?"

Haendi tena popote, ndicho tulichotaka, na tumekipata. Nilidhani nitalala vizuri.

Bukavu tumebaki nayo mimi na wewe tu. Kwa hiyo mwezi wa kwanza uje kweli, usikubali wakuongezee hata siku moja, tukae jikoni tuizungumze. Kuna yule mama aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kona ya kanisa, ambaye alitupa moja la bure kila Jumapili na kutuambia tusimwambie mama. Tangu juzi nalitafuta jina lake, na silipati.

Yaya wako,
Gracieuse